Mjane Mjamzito wa Rafu ya Chini

Mlango wa duka umefunguliwa sasa hivi. Kabla hajatundika mkoba wake, kabla hata hajamsalimia mwenye duka, mwanamke huyu anapiga magoti. Yanatua juu ya kipande cha godoro kilichokatwa kwa kazi hiyo tu, mbele ya rafu ya chini kabisa. Pua yake inakaribia kugusa kioo. Anashusha pumzi, anatulia.

"Umeamkaje, mama?" anauliza.

Anayeulizwa ni samaki. Ni gapi jike, mweusi tii kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, na urefu wake haufiki kidole cha mwisho cha mtu mzima. Amejibanza nyuma ya hita, kile kijiti cha kioo kinachopasha maji joto, na hana habari na salamu za mtu. Mwanamke anamtazama tumbo kwa ubavuni, anainuka nusu, anamtazama kwa juu, kisha anarudi chini.

"Haya," anasema. "Sikusumbui. Nitarudi."

Wateja wanamwita Mkunga. Duka lenyewe ni chumba kimoja chembamba, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza vyombo vya plastiki. Matangi ya kioo yamepangwa pande zote mbili hadi karibu na dari. Pampu za hewa zinanguruma kama paka walioshiba, na ndani kuna unyevu wa nguo zilizoanikwa chumbani. Ukikaa humo kidogo, miwani inafunga ukungu na shati linakung'ang'ania mgongoni.

Aliajiriwa aoshe vioo na kubadilisha maji. Kazi hiyo bado anaifanya, tena kwa mikono iliyokunjamana vidole kama ya dobi. Lakini watu wanaovuka barabara wakiwa wamekumbatia chupa na mitungi hawaji kwa ajili ya vioo. Wanakuja na swali moja: huyu anayo, au hana?

Wa kwanza leo ni msusi wa jirani, chupa ya jamu mkononi, mfuniko umetobolewa kwa msumari.

"Mkunga, nimekuletea mgonjwa. Au mzazi. Sijui, mwangalie mwenyewe."

Mkunga anaiinua chupa kwenye mwanga wa mlangoni. Ndani yake gapi wa kijivu anazunguka kama mtu aliyesahau alichokifuata.

"Unamlisha mara ngapi?"

"Kila nikimaliza kichwa cha mteja. Ananitazama kwa huruma, nifanyeje?"

"Huyu si mjamzito, dada. Huyu ameshiba."

"Na tumbo lote lile?"

"Hata mimi ninalo. Utanizalisha?"

Msusi anacheka mpaka chupa inatikisika, na Mkunga anamnyang'anya haraka asije akamwaga mwenyewe alichokuja kukiuliza.

Kisha anamfundisha, kama anavyomfundisha kila anayekuja. Tumbo la shibe, anasema, linakaa mbele, chini ya kidevu, na ukimnyima chakula siku nzima linashuka. Tumbo la mimba linaanzia nyuma. Linajaa polepole, linashuka chini, na zikikaribia siku zake linaacha kuwa la mviringo. Linaota kona.

"Kama sanduku lililoshindiliwa nguo za safari," anasema. "Ukiona kona, ujue msafiri yuko mlangoni."

Halafu kuna doa. Liko mwishoni mwa tumbo, karibu na pezi la chini, na hapo ndipo watu wanapopotea. Wanaona doa, wanaanza kushangilia.

"Doa analo hata msichana ambaye hajaonana na dume," anasema Mkunga. "Doa peke yake si habari. Habari ni kwamba linabadilika. Likiwa la rangi ya chungwa, endelea na shughuli zako. Likiwa kama chai ya rangi, anza kujiandaa. Likiwa jeusi, na ndani yake ukaona vinukta vinukta, basi hayo ni macho ya watoto. Wanakuchungulia. Siku hiyo usiende sokoni."

Kuna tumbo la tatu, na akilitaja sauti yake inashuka. Ni la ugonjwa. Samaki anavimba, na magamba yake yanasimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. "Huyo hana mtoto, ana maji mwilini. Mtenge upesi, usingoje kesho."

Msusi anaondoka na gapi wake, ameamriwa asimpe kitu mpaka kesho. Mlangoni anageuka. "Lakini mbona unamwita mjamzito, Mkunga? Samaki?"

Swali hilo Mkunga ameulizwa na watu wengi, wa kwanza wao akiwa mwenye duka mwenyewe. Wote wanamwita Fundi Vioo, kwa sababu alianza maisha kwa kukata vioo vya madirisha kabla hajaanza kuviunganisha kuwa matangi. Fundi anashikilia kwamba mnyama ana mimba na mtu ni mjamzito, na lugha ina adabu zake.

"Kuku anataga, sawa," hujibu Mkunga. "Lakini huyu habwagi mayai akaondoka. Anabeba watoto tumboni, anawatoa wakiwa hai, wanaogelea. Anachoka kama mimi ningechoka. Nimwiteje? Kwangu mimi ni mjamzito, na akimaliza amejifungua."

Hakujua kwamba adabu hiyo ingemletea kisanga nyumbani kwake.

Kabla ya samaki alikuwa mfagiaji wa ngazi na korido katika majengo ya ghorofa. Fundi Vioo alimchukua baada ya kumwona akiosha dirisha la kinyozi bila kuacha hata mchirizi. Nyumbani ni vyumba viwili, ghorofa ya juu, anakoishi na mumewe, mpaka rangi wa majumba, na mama mkwe wake. Mshahara wake na wa mumewe vikikutana vinalipa kodi, unga na umeme, kisha vinaaga.

Mama mkwe hakuipenda kazi ile tangu mwanzo.

"Samaki asiyeliwa ni samaki gani?" alikuwa akiuliza, kila Mkunga alipopanda ngazi na harufu ya maji ya matangi. "Mwanangu anapaka rangi nyumba za watu, mkwe wangu anaogesha samaki wa watu. Siku moja mtu ataniuliza kwangu nani anafanya kazi, nikose la kusema."

Mkunga anasema mama mkwe hajibiwi, anasubiriwa.

Gapi wake weusi, anaowaita Weusi, walianza kwa bahati. Siku moja, akiwapanga vifaranga wa kijivu, alimwona mmoja mwenye kivuli mgongoni, kama amepitishwa kwenye moshi. Akamtenga. Akamtafutia mwenzake mwenye kivuli kama hicho. Watoto wao wakawa na moshi zaidi, na wajukuu wakazidi. Fundi Vioo alipoona mwanamke yule haachi, alimpa tangi la rafu ya chini, ambalo wateja hawalioni mpaka wainame.

"Lako hilo," alimwambia. "Kikitoka kitu cha maana, tutagawana."

Kilitoka. Baada ya vizazi kadhaa akapatikana gapi mweusi kabisa, mkia kama kitambaa cha hariri kilichoangushwa majini, na watu wakaanza kuinama. Mkunga anasema hakuwahi kuwa na kitu duniani ambacho mtu angekionyesha kidole na kusema hiki ni cha fulani. Weusi wale walikuwa wake yeye.

Kisha umeme ukakatika siku nyingi za baridi, hita zikalala, na Weusi wakafa mmoja mmoja. Wakabaki wawili, dume na jike. Haukupita muda mrefu dume akaruka nje ya tangi, kama gapi wanavyofanya mfuniko ukiachwa wazi.

"Nilimkuta chini ya kaunta, amekauka kama jani la chai," anasema Mkunga. "Nikalia. Fundi akanipa kitambaa cha kufutia vioo. Nikazidi kulia kwa sababu kilikuwa kichafu."

Yule jike aliyebaki akapewa jina pale pale. Mjane.

Fundi Vioo hakuwa na roho mbaya, ila alikuwa na rafu isiyoingiza kitu. Alitaka kuweka vizimba vya kasuku mahali pale. Alitamka hukumu yake akiwa amekaa juu ya ndoo: "Mjane hazai. Jumamosi nampandisha juu kwa wale wa kijivu, aishi na wenzake."

Kuishi na wenzake kulikuwa na maana moja tu. Angepandwa na madume wa kijivu, watoto wangetoka wa kijivu, na baada ya vizazi viwili hivi weusi ule ungepotea kama chumvi ndani ya maji. Kazi yote ya Mkunga ingekwisha hapo.

Lakini alijua jambo ambalo Fundi alilisahau. Gapi jike akishakutana na dume, huweka mbegu yake mwilini na kuitumia kidogo kidogo, hata kama dume hayupo tena. "Ni mwanamke wa akiba," anasema. "Mume ameondoka, lakini amemwachia." Mjane angeweza kuzaa watoto wa marehemu. Swali lilikuwa je, anao?

Na hapo penyewe ndipo palipokuwa pagumu. Kwa gapi wa kijivu ungeangalia doa. Kwa Mjane doa lilikuwa jeusi juu ya mwili mweusi. "Ilikuwa kama kusoma wino mweusi kwenye karatasi nyeusi," anasema Mkunga. Ilibidi aache doa, asome tumbo na tabia. Wiki nzima alishinda magotini. Ndipo alipokikata kile kipande cha godoro.

Alhamisi akaona kona.

Ilikuwa ndogo, upande wa nyuma, lakini ilikuwa kona. Na Mjane alikuwa ameacha chakula, amejibanza penye joto, hataki kupitiwa karibu. Mkunga alifika nyumbani jioni ile akiwa na habari iliyomjaa mpaka kooni. Hakuweza hata kungoja mumewe arudi. Akampigia simu akiwa pale pale kwenye korido, ndoo ya maji miguuni. Mume alikuwa juu ya ngazi ya kazini, redio ya mafundi inapiga kelele, hasikii vizuri. Basi Mkunga akapaza sauti.

"Mjane ni mjamzito! ... Nakwambia Mjane! Ni mjamzito! ... Hataki kula tangu juzi, anajificha tu, tumbo limeshuka! ... Baba yao si alishakufa! ... Lakini usimwambie mtu, akishtuka tu ataharibu!"

Nyuma ya mashuka yaliyoanikwa kwenye korido hiyo hiyo alikuwepo jirani wa mlango wa pili. Watu wa jengo zima wanamwita Spika.

"Angesema 'ana mimba' ningejua ni paka," anajitetea Spika mwenyewe hadi leo. "Lakini mjamzito! Hilo neno la kliniki. Nikajua ni mtu. Na ghorofa yetu ina mjane mmoja tu."

Mjane huyo mmoja tu ni mama mkwe wa Mkunga.

Tena mambo yalilingana kama yamepangwa. Siku zile mama mkwe alikuwa ameng'olewa jino. Hakuwa anakula. Alishinda ndani, amejifunga mtandio usoni, na akitoka alitoka na gauni pana. Umri wake haukumzuia Spika hata kidogo. Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo laja.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alitoka na ndoo kwenda bombani, na ndoo ikanyakuliwa.

"Aa, Mama, acha! Tutakubebea."

Mwingine akamletea kiti chenye mto. Wa ghorofa ya chini akapanda na ndimu kwenye kibakuli: "Lamba kidogo, kichefuchefu kitatulia." Mwingine akamuuliza kama miguu inavimba. Mama mkwe akakaa kwenye kiti, akalamba ndimu, akafurahi. Alidhani ni kwa sababu ya jino.

"Nilisema moyoni, kumbe majirani zangu wana utu," anasimulia mama mkwe, ambaye sasa anaipenda hadithi hii kuliko mtu yeyote. "Jino moja tu, na watu wote hawa! Ningejua ningeling'oa mapema."

Furaha ilidumu mpaka Jumamosi, Spika alipoinama na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, Mama. Mungu hana kalenda."

"Hongera ya nini? Ya jino?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Usijifiche kwetu, Mama. Mkweo mwenyewe kasema."

Wanaokaa jengo lile wanasema mama mkwe alishuka ngazi siku ile kama hana magoti mabovu.

Dukani, Fundi Vioo alikuwa ameshika wavu mdogo mkono mmoja na mtungi mkono wa pili. Vizimba vya kasuku vilikuwa vimeshashushwa mlangoni. Mkunga alikuwa amesimama mbele ya rafu ya chini, mikono ameitanua.

"Fundi, nipe mpaka kesho. Tumbo lina kona."

"Jumamosi ni Jumamosi. Kona ninazo hata mimi nyumbani."

"Ukimtoa sasa atawapoteza."

Ndipo mlango ulipojaa mtandio.

"Nani mjamzito?" aliuliza mama mkwe.

Fundi Vioo hakuwahi kumwona mama yule. Akajibu kama anavyomjibu mteja. "Eti Mjane, mama. Huyu ndiye anayedai. Mimi nasema ni uzee tu na kitambi."

"Uzee!"

"Mume alishakufa. Mimba ataitoa wapi?"

Mama mkwe akashika nguzo ya mlango. "Na wewe baba, umenijulia wapi mpaka unijadili kitambi?"

"Nikujulie wapi wewe? Namsema yeye! Si huyo hapo chini, amejificha nyuma ya hita?"

Mkunga, aliyekuwa ameanza kuelewa, alitamani sakafu ifunguke. Mama mkwe akasogea, akashuka taratibu mpaka magoti yake yakapata kile kipande cha godoro. Akavaa miwani. Akatazama.

"Huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Huyu ndiye mjane?"

"Ndiye."

"Mimi nimelambishwa ndimu kwa ajili ya huyu?"

Mkunga alijua kwamba siku ile angepoteza Weusi wake na amani ya nyumba yake kwa mpigo mmoja. Lakini mama mkwe hakuinuka. Aliendelea kutazama, na uso wake ukaanza kubadilika. Mwanamke huyu alizaa watoto wake wote nyumbani, mumewe akihangaika huku na huko.

"Anahemaje hivi?" alisema kwa sauti ndogo. "Tazama. Anatetemeka, anajikunja, anatulia. Anatetemeka, anajikunja, anatulia." Akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, huyu si wa kesho. Huyu ni wa sasa hivi."

Fundi Vioo akasogeza wavu. "Ngoja basi nimpandishe haraka kabla..."

"Weka huo wavu chini!" Watu waliokuwa kwa kinyozi walisikia. "Mwanamke yuko kwenye uchungu unataka kumchota kama ukoko? Umezaa wewe?"

Fundi Vioo akauweka chini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa fundi wa vioo tu.

Mama mkwe akavua mtandio wake, akaufunika juu ya tangi ili mwanga usimsumbue mzazi, akaacha upenyo wa kuchungulia. Wanawake wawili wakainama hapo, kichwa kwa kichwa. Mkunga anasema haikuwahi kutokea, tangu aolewe, wakae karibu hivyo.

Kilichotoka kwanza kilikuwa kidonge cheusi kilichojikunja. Kikaanza kuzama. Mama mkwe akashika mkono wa Mkunga, akadhani kimekufa. Kidonge kikagusa changarawe, kikajikunjua, kikawa na mkia na macho mawili makubwa, kikaruka kwenda kwenye majani kama kimeitwa.

"Yarabi!" alisema mama mkwe. "Kameshajua njia!"

Wakafuata wengine, weusi kama punje za pilipili manga. Fundi Vioo naye akapiga magoti sakafuni, akawahesabu mara tatu, akapata idadi tatu. Kinyozi akaja na mashine mkononi, mteja wake akaja na nusu ya ndevu. Kelele ikawa ya harusi.

Halafu Mjane akageuka, akafungua mdomo, akameza mmoja.

"Anamla mwanawe!" mama mkwe alipiga ukelele. "Mtoeni! Mtoeni mama mtu!"

"Ni kawaida yao, Mama, ndiyo maana ya majani," alisema Mkunga, tayari ameshatumbukiza kikombe. Watoto wengi walikuwa wametoka, na kungoja zaidi kungemshibisha mzazi. Hakumkimbiza kwa wavu. Alimngojea mpaka Mjane akaingia kikombeni mwenyewe, akamtoa pamoja na maji yake, akamweka pembeni apumzike.

Mama mkwe aliukamua mtandio wake uliolowa, akamtazama yule samaki kwa muda.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," alisema. "Hawakumwona huyu."

Fundi Vioo alitazama rafu, akatazama vizimba, akatazama mama mkwe. Akasema kasuku watatafutiwa mahali pengine. Mpaka leo hawajatafutiwa. Vizimba vinaning'inia mlangoni vitupu, na kuna watu huingia kuuliza bei ya vizimba.

Jioni ile mama mkwe alipanda ngazi polepole, mkono kiunoni, akamkuta Spika kwenye korido.

"Nibebee mfuko, mwenzangu," alimwambia. "Si unaijua hali yangu."

Spika akaubeba. Mlangoni mama mkwe akamgeukia, akasema kwa sauti ya kufikia ghorofa zote: "Mwambie kila mtu. Mjane amejifungua salama, na wote wamefanana na marehemu."

Ilichukua nusu saa ya vicheko na viapo kabla Spika hajaelewa. Alipoelewa aliingia ndani, akajifungia, akatoka na kibakuli kingine cha ndimu, safari hii kwa ajili ya Mkunga. Kesho yake alikuwa dukani, ameinama mbele ya rafu ya chini, anawaeleza wateja wasiomjua jinsi kona inavyoonekana. Mkunga anasema hakuna tangazo linalomfikia. "Spika hazimwi. Unambadilishia stesheni tu."

Na mama mkwe? Anakuja karibu kila wiki, amekalia ile ndoo ya Fundi Vioo. Mteja akisema samaki wake ana mimba, yeye humrekebisha kabla Mkunga hajafungua mdomo. "Mjamzito," husema. "Ana mimba ni mbuzi." Watu wakimuuliza kwake nani anafanya kazi, ana la kusema: mwanangu anapaka rangi, na mkwe wangu ni mkunga. Huwa hamalizii ni mkunga wa nini.

Watoto wa Mjane wameanza kukuza mikia. Mkunga anawatazama madume kwa jicho la mama anayetafutia nyumba yake mkwe, na tayari amewachagua wawili. Ana mpango nao. Chini ya ngazi za jengo lao kuna chumba kidogo kinachowekwa mafagio, na mwenye nyumba amekubali kukitoa, mradi maji yasimwagike kwenye korido. Humo ataweka matangi yake mwenyewe, madogo, yenye majani mengi. Si ya kuuzia. Watu wataleta samaki wao waliofikia siku zao, wajifungulie mahali penye utulivu, kisha wawachukue mama na watoto. Ameshakipa jina: Leba.

Asubuhi ataendelea kuja kwa Fundi Vioo, jioni atakuwa Leba. "Nikipata tangi la kwanza tu, nitaanza," anasema. "Fundi ameniahidi kioo kilichokatika pembe. Tutakigeuza pembe iende juu."

Kibao kiko tayari. Mumewe alikipaka mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kwa rangi ya buluu: TUNAPOKEA SAMAKI WENYE MIMBA. Mkunga alikisoma, akamrudishia brashi. Sasa kimeegemezwa ukutani, bado kinanuka rangi: TUNAPOKEA SAMAKI WAJAWAZITO. Herufi za mwisho zimebanana, kwa sababu neno la heshima ni refu.

Saa za mchana zinapita. Mkunga ameosha vioo vya upande mmoja, ameuza majani ya maji, amemtuliza mtu aliyeleta dume akilalamika kwamba hazai. Sasa anarudi kwenye rafu ya chini, anapiga magoti, anasogeza pua. Mjane bado amejibanza nyuma ya hita. Mkunga anamtazama kwa ubavu, kisha kwa juu, kisha kwa ubavu tena. Akiba ya marehemu bado haijaisha. Anainuka huku anatabasamu, anatafuta simu, anaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono imelowa.

"Mama? Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Enhe? Sema."

"Mjane ni mjamzito tena."

Ndani ya simu, kutoka mbali kidogo, upande wa mashuka yaliyoanikwa, inasikika sauti ya Spika: "Nani? Nani tena?"

"Tulia wewe," inajibu sauti ya mama mkwe, bila haraka. "Safari hii ni mimi."